Maziwa ya Kushoto, Maziwa ya Kulia

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kichupa cha mkojo na kuambiwa niupike.

Nilikuwa nimetoka chuoni na koti jeupe ambalo mama yangu alilipiga pasi mpaka likawa linaweza kusimama lenyewe, na nilitegemea kuwekwa kwenye darubini. Badala yake Mzee Muhidini, mkuu wa maabara ya hospitali yetu hapa Karagwe, alinipa bomba la kioo, kibano cha mbao na taa ya spiriti.

"Pasha juu tu, chini usiguse," alisema. "Na mdomo wa bomba uelekeze ukutani, si usoni kwangu. Nina wajukuu."

Nilipasha. Mkojo wa juu ukachafuka, ukawa kama maji yaliyooshewa mchele. Nikatangaza kwa furaha kwamba nimeona protini. Mzee akadondosha tone la asidi ya siki, na ukungu wote ukatoweka mbele ya macho yangu.

"Hiyo ilikuwa chumvi," alisema. "Protini ingebaki. Usimpe mtu ugonjwa wa figo kwa sababu una haraka ya kwenda kunywa chai."

Devota, niliyemlea kazini kama binti yangu na ambaye sasa anakalia kiti nilichokiacha, ndiye aliyenisukuma niandike kumbukumbu hizi kwa ajili yenu mliobaki maabara. Alitaka niandike pia habari za vyeo na semina. Hizo nimeziruka. Semina nyingi ninazozikumbuka, ninakumbuka chakula chake.

Mzee Muhidini lazima nimweleze, kwa sababu wengi wenu hamkumkuta. Baba yake alikuja Kayanga kutoka Pangani akiuza nguo, akafungua duka, akaoa hapa hapa. Kwa hiyo mzee alikuwa na Kiswahili cha pwani kwa wakubwa na Kinyambo safi kwa wagonjwa. Sisi tuliokulia kwenye migomba tukiongea Kinyambo nyumbani, tulijifunza kwake vitu viwili kwa pamoja. Alikukosoa ngeli na alikukosoa rangi ya slaidi, kwa sauti ile ile, bila kuinua kichwa kutoka kwenye darubini.

Aliipenda protini kuliko kipimo kingine chochote. Aliniambia kwamba damu imebeba protini nyingi, kila moja na kazi yake na mahali pake. "Ukiikuta mahali isipotakiwa, jua ndani kuna mlango umefunguka," alisema. "Daktari atautafuta. Sisi kazi yetu ni kumwambia kwamba upo." Tulipima mkojo wa wajawazito, maji ya tumboni, maji ya mapafuni, maji ya uti wa mgongo. Nilijifunza kutazama kimiminika chochote cha mwili kama mtu anayetazama barabara baada ya mvua, kuona nani kapita.

Katika miaka ile ya mwanzo alikuja Mwalimu Paskazia kutoka Nyabiyonza. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuzoea darasa lililojaa. Alikuja kwa sababu alikuwa anakosa pumzi. Daktari alimtoa maji kifuani akayaleta kwetu, na yalipotulia kwenye bomba niliona kwamba yana rangi ya chai isiyo na maziwa. Tulipoyapima yalikuwa mazito kwa protini. Chini ya darubini kulikuwa na makundi ya seli ambazo Mzee Muhidini alizitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Ndipo daktari alipomwomba mwalimu afungue blauzi. Titi la kulia lilikuwa gumu kama jiwe na ngozi yake imevutwa ndani. Alikuwa ameliona siku nyingi. Halikuuma, kwa hiyo alilifunika, akaendelea kufundisha.

Alipoambiwa, hakulia. Alikuja mwenyewe maabara, akaegemea kaunta, akatuuliza kama anavyouliza mwanafunzi aliyekosa hesabu.

"Naomba kuelewa. Kabla halijawa hivi, wakati ugonjwa bado ni mdogo, siuoni wala siusikii, mngenipima kitu gani?"

Nilimtazama Mzee Muhidini. Mzee alivua miwani.

"Hakuna, mwalimu," alisema. "Ningekudanganya ningekuwa nakuvunjia heshima. Hapa kwetu hakuna."

"Na kwingine?"

"Kwingine wana picha. Lakini cha kuchukua tone la kitu mwilini na kusema, huyu saratani inaanza leo, sijakisikia."

Mwalimu Paskazia alitushukuru. Alifariki kabla ya shule kufungwa. Darasa lake lote lilikuja kumzika, na mimi nilisimama nyuma ya watoto wale nikiwa na hasira ambayo sikujua niielekeze kwa nani.

Baada ya hapo miaka ilikwenda kama inavyokwenda maabara, kwa vifaa. Mashine ya kuzungushia damu niliyoikuta ilikuwa ya kuzungusha kwa mkono, na nina bega moja lenye nguvu kuliko jingine mpaka leo. Ikaja ya umeme, ukaja na mgao wa umeme, tukarudi kwenye mkono. Vikaja vijiti vya kuchovya kwenye mkojo, vinavyobadilika rangi vyenyewe, na taa ya spiriti ikawekwa kabatini. Mzee Muhidini aliviita vijiti hivyo "dawa ya wavivu", kisha akavitumia kuliko sisi sote. Alistaafu, akarudi kukaa dukani kwa baba yake, akawa anawasahihisha wateja Kiswahili. Alipofariki, nilikuwa nimebaki na maabara yake na tabia yake ya kutoinua kichwa.

Nilikuwa nimebakiza chini ya miaka kumi ya kazi Dokta Zuhura alipokuja. Alikuwa mtafiti kutoka chuo kikuu, mwembamba, mwenye ushungi uliobanwa vizuri na viatu visivyofaa kabisa kwa matope ya Karagwe. Siku ya pili alinunua mabuti ya mpira sokoni, ndipo nilipoanza kumwamini. Yeye na wenzake walikuwa wanatafuta njia ya kugundua saratani ya matiti mapema kwa kuchunguza protini zilizomo kwenye maziwa ya akina mama wanaonyonyesha.

Nilimuuliza kwa nini maziwa.

"Kwa sababu mbili, mama," alijibu. "Kwanza, mama anayenyonyesha akiwa na uvimbe, kila mtu anamwambia ni maziwa yameganda. Anachelewa. Pili, maziwa yanatoka pale pale ugonjwa unapoanzia. Mama ni mmoja, damu ni moja, chakula kile kile, mtoto yule yule. Kama titi la kushoto linatoa protini tofauti sana na la kulia, lazima tujiulize huko ndani kuna nini."

Akanieleza mashine waliyonayo chuoni. Tone la maziwa lina protini nyingi mno zilizochanganyika. Wanazikatakata kwa kimeng'enya, halafu mashine inapima uzito wa kila kipande, vipande vidogo ambavyo hakuna jicho litakaloviona. Kila protini ina vipande vyenye uzito wake. Ukijua uzito, unajua ni nani alikuwemo. Seli za saratani, hata zikiwa bado kundi dogo lisilopapasika, zinaanza kutoa protini kwa namna isiyofanana na majirani zake.

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikamweleza mume wangu mpaka chakula kikapoa. Alisikiliza kwa heshima, kisha akauliza kama kuna chumvi.

Kazi yetu hapa ilikuwa kukusanya. Naandika jinsi tulivyofanya kwa sababu vijana mnapenda mashine kubwa na kusahau kwamba mashine haijui kurekebisha uzembe wa mwanzo. Mama ananawa, tunasafisha chuchu kwa maji safi, anakamua mwenyewe kwa mkono. Kifuniko cha bluu ni kulia, cha njano ni kushoto, na usimwachie kukumbuka mtu ambaye ameshika mtoto. Vichupa vinaingia kwenye barafu hapo hapo. Maabara tunavizungusha: krimu inapanda juu, seli zinazama chini, na sisi tunataka yale majimaji ya katikati. Ukiyaacha kwenye joto, vimeng'enya vya maziwa yenyewe vinaanza kula protini, na mashine ya chuo kikuu itakuwa inapima uvivu wako.

Tuligandisha sampuli ndani ya mtungi wa nitrojeni, baridi inayotoa moshi mweupe ukifungua. Mtungi huo unafanana kabisa na ule wanaotembea nao wataalamu wa uhimilishaji, wanaowapandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa. Tulipoushusha Kiruruma kwenye kliniki ya watoto, mzee mmoja alisogea, akautazama kwa matumaini.

"Mbegu za Friziani?" aliuliza.

"Hapana, baba. Ni maziwa ya akina mama."

Alirudi nyuma hatua kadhaa, akaniangalia mimi, akamwangalia Dokta Zuhura, akaenda zake bila kuaga. Kwa muda mrefu baadaye Kiruruma walikuwa wananiita yule mama wa mtungi.

Uvumi ulikuwepo, sitauficha. Wengine walisema maziwa yanauzwa, wengine kwamba yanatengenezewa dawa ya kukausha vizazi. Tuliwajibu kwa kuwaonyesha. Mama aliyetaka kuingia maabara kuona maziwa yake yanafanywa nini, aliingia, akavua viatu, akaona. Walioona waliwaleta wenzao.

Makubaliano yalikuwa kwamba kipimo hiki bado ni utafiti, si cha kumthibitishia mtu ugonjwa. Lakini mama ambaye pande zake mbili zitaonekana kutofautiana sana angeitwa afanyiwe ultrasaundi. Wa kwanza kuitwa alikuwa Mama Edina wa Kiruruma. Tulimpeleka, akapigwa picha, hawakuona kitu isipokuwa uvimbe wa maziwa uliokuwa unapona wenyewe. Mimi niliona ni habari njema. Yeye alikuja maabara na mtoto mgongoni, akanisemesha mbele ya wagonjwa.

"Mama Adventina, umeninyima usingizi. Nilishaanza kuwaza nani atanilelea wanangu. Leo unaniambia ilikuwa bure?"

Nilimpa pole, na nilimaanisha. Alikuwa na haki. Baada ya hapo kila simu ya Dokta Zuhura ilipoita, niliiacha iite kidogo kabla ya kuipokea.

Iliita tena tukiwa katikati ya kupima damu za kliniki.

"Mama, kuna sampuli ya Kibingo," alisema. "Kushoto na kulia havifanani hata kidogo. Nimerudia. Ni vile vile."

"Una uhakika ni saratani?"

"Sina. Ningekuwa na uhakika ningekwambia. Huenda ni kama Mama Edina. Lakini huyu siwezi kumwacha."

Mwenye sampuli alikuwa Joventa, mama kijana wa familia ya wafugaji, aliyejifungua mtoto wake wa pili, Brayani. Simu yake haikupatikana. Nilimpigia kwa muda, halafu nikaomba gari la hospitali.

Nyumba yao ilikuwa mbele ya Kibingo, mahali migomba inapoisha na majani ya malisho yanapoanza. Nilimkuta mume wake, Erasto, akisuuza madebe ya maziwa, na mama mkwe wa Joventa, Bibi Kezia, ameketi kwenye kigoda mlangoni akiwa amempakata mtoto. Nilimwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za watu wangu wote mmoja mmoja, na Joventa akaniletea mtindi kwenye kikombe kikubwa. Katika nyumba ya wafugaji huanzi kusema la kwako kabla hujanywa. Nilikunywa polepole kuliko kawaida, nafikiri kwa woga.

Nilipomaliza kueleza, Joventa alijishika kifua juu ya kanga.

"Sina uvimbe, mama. Kliniki mlitufundisha kujipapasa, nimejipapasa. Siumwi. Mtoto ananyonya huku na huku."

"Nakuamini," nilimwambia.

Bibi Kezia alimsogeza mtoto begani. "Nilisema tangu mwanzo," alisema, na hakuwa anapiga kelele, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi. "Maziwa ya mzazi hayachukuliwi na watu baki. Hata ya ng'ombe hatuyamwagi ovyo, sembuse ya mtu. Mkayachukua, mkayapeleka mnakokujua. Sasa yamerudi na ugonjwa."

Nilianza kumweleza habari za protini na uzito wa vipande, nikajisikia mwenyewe ninavyozama. Erasto alikuwa anaendelea kusuuza. Aliweka chini debe alilokuwa nalo.

"Mlipima kila titi peke yake?" aliuliza.

"Kila moja peke yake."

Aliingia kwenye banda, akatoka na kisahani cha plastiki chenye vijumba vinne. Wengi wenu mmekulia kwenye ng'ombe, mnakijua.

"Hiki nilipewa na bwana mifugo," alisema. "Kila chuchu na kijumba chake. Unakamua kidogo, unaweka dawa. Ya chuchu tatu yanabaki maziwa. Ya moja yanavutika kama ute, ujue chuchu hiyo ina ugonjwa. Na unamtazama ng'ombe, anakula, kiwele hakijavimba, hana lolote. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilimwambia bwana mifugo, wewe unaniongopea. Nikangoja nione mwenyewe." Akamgeukia mama yake. "Mama, yule mwekundu tuliyempoteza, unamkumbuka?"

"Namkumbuka," alisema Bibi Kezia. "Lakini mke wako si ng'ombe."

"Ndiyo maana sitaki kungoja."

Nililazimika kusema ukweli wote, kwa hiyo nikawaambia kwamba saratani si kama ugonjwa wa kiwele, haiambukizi, na wala mashine ile haijui kila kitu. Nikawasimulia habari za Mama Edina, jinsi tulivyomtisha bure na alivyonisema. Erasto alinisikiliza huku amekunja uso, kama mtu anayekadiria umbali.

Joventa ndiye aliyekata mazungumzo. "Mnanijadili kama sipo," alisema. "Titi ni langu. Nitakwenda. Nikikuta hakuna kitu, nitakuja hospitalini kwenu kama huyo Mama Edina, nikutukane zaidi yake."

"Nitakuwa na furaha sana," nilimwambia, na akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nifike.

Nilikwenda naye Mwanza kwenye hospitali ya rufaa, yeye na mtoto. Njia nzima alikuwa ananiuliza habari za wanangu na hakutaka kabisa tuzungumzie tunakokwenda. Daktari wa picha alikuwa mwanaume mpole, mnene kidogo, aliyekuwa anaimba kwa sauti ya chini wakati anafanya kazi. Alipitisha kifaa kulia, akiimba. Akaenda kushoto, akaendelea kuimba. Kisha akaacha kuimba.

Alirudi mahali pale pale, akainamisha kifaa, akabonyeza. Ndani kabisa, karibu na ukuta wa kifua, kulikuwa na kidoa cheusi chenye kingo zisizo laini. Kidole chochote kisingekifikia, hata changu, hata cha daktari. Joventa alikuwa anaangalia dari.

"Mbona imenyamaza?" aliniuliza kwa Kinyambo, kana kwamba daktari ni redio.

Walichukua kinyama kwa sindano, na majibu yalipotoka yalikuwa saratani. Ilikuwa changa, na haikuwa imefika kwapani. Daktari wa upasuaji alilirudia jambo hilo la mwisho, taratibu, akihakikisha amesikika. Joventa aliuliza kama atakufa. Daktari alimwambia kwamba hamtibu ili afe, anamtibu ili azeeke. Ndipo alipolia, na mtoto naye akalia kwa sababu mama yake analia, na mimi nikaenda kusimama dirishani. Nilimkumbuka Mwalimu Paskazia alivyoegemea kaunta yetu. Kwa huyu swali lake lilikuwa limepata jibu.

Kilichomsumbua zaidi Joventa hakikuwa kisu. Kilikuwa kumwachisha mtoto, kwa sababu dawa ambazo angepewa baadaye zisingefaa kwa anayenyonya. Alimnyonyesha kwa mara ya mwisho kwenye benchi la wodi, upande wa kulia, bila kumtazama mtu. Erasto alikuja kumchukua Brayani. Bibi Kezia, ambaye alikuwa hajanisemesha tangu siku ile, alimchemshia maziwa ya ng'ombe, akamponda ndizi, na baada ya siku kadhaa akaomba simu azungumze na mkwewe.

"Usijihangaishe," alimwambia. "Anakula kuliko mume wako."

Matibabu yalikuwa marefu, sitayafanya yaonekane mepesi. Nywele zilitoka, kucha zikawa nyeusi, kuna wakati alichukia hata harufu ya maziwa, na kwa mtu wa nyumba ile hiyo ni kama kuchukia hewa. Erasto aliuza fahali na kwenda na kurudi Mwanza mpaka makondakta wakamzoea. Lakini kila mara daktari alipompima, alikuwa msafi. Joventa alirudi Kibingo, akarudi kusimamia maziwa ya kikundi cha akina mama, akarudi kugombana na mume wake kuhusu madebe. Hapendi kuhutubia. Mkimwita kliniki aseme chochote, anakaa tu kwenye benchi na wenzake wanamuuliza, na anajibu, na wanaotaka kuona kovu anawaonyesha.

Siku moja nilisikia ugomvi kwenye foleni nje ya maabara. Nilipotoka nilimkuta Bibi Kezia, amevaa kitenge chake cha kanisani, amemshika mkono mke wa mwanawe mdogo, binti aliyekuwa na mtoto mchanga na aibu nyingi.

"Waambie waache kunizuia," aliniambia. "Huyu naye ananyonyesha. Mpimeni. Pande zote mbili."

Nilimwambia kwamba utafiti ulikuwa umesimama kwa muda wakisubiri vifaa. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa mvua imeahirishwa, akakaa. Tulimchunguza binti yule kwa mkono, tukamwelekeza alama za kuangalia, na Dokta Zuhura alipoanza tena, alikuwa wa kwanza.

Lazima niwaambie na upande mwingine, maana mtakutana nao. Kuna mama wa Nyabiyonza ambaye mashine ilimpitisha kwamba pande zake zinafanana, na baadaye akajipapasa mwenyewe akakuta uvimbe. Ameshatibiwa na anaendelea vizuri, lakini mashine ilimkosa. Kwa hiyo msije mkawaambia wanawake wasijipapase kwa sababu kuna sayansi. Kipimo hiki bado hakijaingia kliniki kama kile cha malaria. Kinajengwa. Kila kichupa tulichokigandisha vizuri ni tofali, na kila kilichopata joto ni tofali lililopasuka.

Swali lililonibana mimi lilikuwa la wanawake wa umri wangu. Nilimuuliza Dokta Zuhura: sisi ambao maziwa yalishakauka, tuna nini cha kuwapa? Alirudi safari iliyofuata na vikaratasi vyembamba vyenye alama za milimita. Walikuwa wameanza kutafuta protini hizo hizo kwenye machozi. Kikaratasi kinawekwa nyuma ya kope la chini, kinanyonya, kinaingia mtungini. Devota alifundishwa, akawa na mkono mwepesi kuliko wote.

Nilijitolea kuwa wa kwanza. Devota aliniwekea, tukangoja, akakitoa. Kilikuwa kikavu kama kilivyoingia. Akajaribu tena, kikatoka kikavu. "Mama, huna machozi," alisema. Nilimwambia nimefanya kazi naye kwa miaka, kama ningekuwa nayo ningeshayamaliza.

Siku yangu ya mwisho walinifanyia hafla ukumbini. Kulikuwa na soda, keki yenye jina langu lililokosewa herufi moja, na hotuba ya mganga mkuu iliyokuwa na mambo mengi ambayo sikumbuki kuyafanya. Nilikuwa imara. Kisha mlango ukafunguliwa na akaingia Joventa, amenenepa, na kilemba kizuri, akimtanguliza mvulana mwenye sare ya shule ya msingi na soksi zilizovutwa mpaka magotini. Alikuwa Brayani. Alikuja mpaka mbele yangu, akainamisha kichwa nimguse.

"Shikamoo, bibi," alisema.

Nilitaka kuitikia. Badala ya marahaba yakatoka machozi. Nilipapasa mfukoni kutafuta leso, na ndipo nikasikia viti vikisukumwa nyuma yangu.

"Mama, usijifute!" Devota alikuwa anakuja mbio katikati ya watu, anavaa glavu huku anakimbia. "Usijifute, tafadhali, kaa hapo hapo!"

Alinikalisha kwenye kiti cha mgeni rasmi. Mganga mkuu alisogea kumpisha. Nikainua uso, na Devota akaniwekea kikaratasi cha kushoto, halafu cha kulia, na ukumbi mzima ukawa unaangalia mwanamke mzima akilia kwa utaratibu. Brayani alisogea karibu akaangalia kwa makini kabisa jinsi maji yanavyopanda kwenye alama.

"Yamefika mwisho," alitangaza.

Devota alivitoa, akavifunga kila kimoja kwenye kichupa chake, bluu na njano, akatoka mbio kuelekea maabara kabla havijapata joto.